Chaki ya Sakafuni na Kaburi la Hiramu

Katikati ya karne ya 18, Wafrimasoni wa London walikutana kwenye vyumba vya baa. Majengo yao wenyewe hawakuwa nayo. Siku ya kumwingiza mwanachama mpya, mtu mmoja alipiga magoti sakafuni akachora kwa chaki na mkaa: mstatili mrefu, ndani yake nguzo mbili, jua na mwezi, skwea ya fundi, bikari. Mgeni aliletwa, akapitishwa hatua kwa hatua juu ya mchoro huo, akaelezwa kila alama. Sherehe ilipokwisha, alikabidhiwa ndoo na dekio, akafuta kila mstari kwa mikono yake mwenyewe mpaka sakafu ikarudi kuwa sakafu ya baa.

Naanza na ndoo hiyo kwa makusudi. Alama za Frimasoni zimetisha watu wengi, hapa kwetu kuliko mahali pengi, na hofu hiyo inakaa vizuri pale ambapo alama inadhaniwa haina mwanzo, kana kwamba imetoka kuzimu au kwa mafarao. Lakini alama hizi zina tarehe za kuzaliwa. Zilichorwa na watu, zikafutwa na watu, zikabadilishwa na watu, na nyingi tunajua zilibadilishwa lini.

Mwanzo wake ni mwashi. Kiswahili kinalo neno hili, mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, ingawa siku hizi tumezoea kusema fundi ujenzi tu. Waingereza wa zama za kati walikuwa na waashi wa namna nyingi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina la Frimasoni linatokana na jiwe. Kuna jiwe laini, lisilo na mshipa, linalokubali patasi upande wowote bila kupasuka. Waingereza waliliita jiwe huru, na fundi aliyelichonga akaitwa kwa jina la jiwe lake. Kibanda cha kazi kando ya kanisa linalojengwa, mahali pa kuchongea mawe, kuhifadhi zana na kupumzika, kiliitwa loji.

Mwashi wa namna hiyo alikuwa mtu wa kuhamahama. Kanisa kuu likisha huku, alifuata kazi kule. Fundi asiye na mji mmoja alihitaji njia ya kujitambulisha kwa mafundi wenzake wasiomjua, na alihitaji pia hadhi. Hati ya zamani kuliko zote inayojulikana, shairi la Kiingereza la karibu mwaka 1400 lenye mistari 794, inampa hadhi hiyo. Inadai kwamba Euclid, mwanahesabu wa Kigiriki, aliwafundisha jiometria watoto wa mabwana huko Misri, na kwamba uashi ndiyo elimu hiyo. Kisha, bila kupumua, shairi linaanza kumfundisha fundi adabu: namna ya kuingia kanisani, namna ya kula mezani mbele ya wakubwa. Tangu mwanzo, basi, kazi ya mikono na tabia njema zilikaa kwenye ukurasa mmoja.

Hatua kubwa ilipigwa Scotland. William Schaw alikuwa msimamizi wa majengo ya Mfalme James VI, na mwaka 1598 na 1599 alitoa kanuni za kuongoza loji za waashi. Nyingi ni kanuni za kazi: miaka ya uanagenzi, usalama wa jukwaa la ujenzi, faini. Lakini kanuni za 1599 zina agizo moja la ajabu. Kila fundi na kila mwanafunzi apimwe katika sanaa ya kumbukumbu.

Sanaa hiyo wasomi wa Ulaya waliijua tangu enzi za Warumi. Msemaji aliyetaka kukumbuka hotuba ndefu alijijengea jumba akilini. Ukumbini aliweka nanga, kwenye ngazi upanga, dirishani taa, na kila kitu kilibeba wazo. Alipozungumza, alitembea ndani ya jumba lake akiokota mawazo moja baada ya jingine. Fikiria sasa agizo hilo likiwaangukia watu ambao kujenga ndiyo kazi yao. Jumba wanalo, vitu vya kuweka ndani yake wanavyo viunoni na mikononi. Mwanahistoria David Stevenson ameonyesha kwa hoja nzito kwamba hapa ndipo mzizi wa alama za Frimasoni ulipo, na mimi nasadiki hivyo. Mchoro wa chaki pale London ulikuwa jumba la kumbukumbu lililoshushwa kutoka akilini hadi sakafuni.

Aliyecheza unyago au kuingia jandoni hatashangazwa na utaratibu huu. Kungwi naye hafundishi kwa kitabu. Hufundisha kwa wimbo, kwa kitendawili, kwa kinyago kinachoonyeshwa na kufichwa, na mwari hufungwa mdomo asiyatoe nje aliyoyaona. Waashi wa Scotland hawakujifunza kwetu wala sisi kwao, ila binadamu anapotaka neno limkae mtu moyoni hulipa umbo la kushikika.

Na maumbo ya waashi yalikuwa tayari kazini. Timazi, uzi wenye risasi chini, huonyesha kama ukuta umesimama wima, kwa hiyo ukawa alama ya unyofu wa mtu. Kiswahili kilishafika huko peke yake, maana twamwita mtu mnyofu au mtu aliyepinda bila kukumbuka kwamba tunatumia timazi. Pimamaji ya enzi hizo haikuwa na kichupa cha maji. Ilikuwa fremu ya mbao ya pembetatu yenye uzi wa timazi katikati, na kwa kuwa husawazisha mawe, ilifanywa alama ya usawa wa binadamu. Skwea hupima pembe, basi ikawa uadilifu katika kushughulika na watu. Bikari huweka mpaka wa duara, nayo ikawa mpaka wa matamanio. Rula ya inchi 24 ikawa saa 24 za siku, zigawanywe kwa ibada, kazi na mapumziko. Jiwe lililotoka machimboni likiwa halijachongwa ni mwanachama mpya. Lililochongwa likakaa sawa ni yule ambaye amejirekebisha.

Katika karne ya 17 watu wasiowahi kushika patasi walianza kuingia. Sir Robert Moray, mwanajeshi na msomi, aliingizwa Newcastle tarehe 20 Mei 1641 na waashi wa Edinburgh waliofuatana na jeshi la Scotland. Kila mwashi alikuwa na chapa yake ya kuchonga kwenye jiwe. Moray, asiyekuwa na jiwe, alichagua nyota ya pembe tano, akaichora kwenye barua zake na kuwaeleza rafiki zake maana aliyoipa. Miaka mitano baadaye, tarehe 16 Oktoba 1646, Elias Ashmole aliandika kwenye shajara yake kwamba ameingizwa loji huko Warrington. Hawa walitafuta falsafa ndani ya zana za fundi. Loji za Uingereza zilipoungana chini ya uongozi mmoja, tukio ambalo kwa desturi huwekwa tarehe 24 Juni 1717 ingawa baadhi ya wanahistoria wa leo wanalisogeza mbele hadi 1721, mabwana wa aina hii ndio walioshika usukani. Mmoja wao ni John Theophilus Desaguliers, mtoto wa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa na mwenzake Isaac Newton katika majaribio ya sayansi. Mwingine ni mchungaji James Anderson, aliyeandika Katiba ya chama, iliyochapwa mwaka 1723.

Miaka hiyo ya 1720 ndipo ilipozaliwa ngazi ya tatu ya uanachama, ya fundi mkuu, na pamoja nayo kisa ambacho ndicho moyo wa mambo yote: kifo cha Hiramu.

Biblia inamtaja Hiramu katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 7. Ni mwana wa mjane wa kabila la Naftali, baba yake mtu wa Tiro, fundi wa shaba aliyeitwa na Mfalme Sulemani kulitengeneza Hekalu. Ndiye aliyesubu nguzo mbili za ukumbini, Yakini na Boazi, kila moja dhiraa 18 kwenda juu. Hizo ndizo nguzo mbili za mchoro wa chaki. Na Biblia inasema wazi kwamba Hiramu aliimaliza kazi yote aliyopewa. Hakuuawa na mtu.

Katika kisa cha Wafrimasoni anauawa. Mafundi watatu wa ngazi ya chini wanataka neno la siri la mafundi wakuu ili wapate ujira mkubwa wasioustahili. Wanamvizia kwenye milango mitatu ya Hekalu. Mlango wa kwanza anaulizwa neno, anakataa, anapigwa kwa zana ya kazi. Anakimbilia wa pili, anapigwa tena. Wa tatu anaangushwa chini, amekufa na neno lake. Wauaji wanamfukia kwenye kifusi, kisha usiku wanamhamishia kilimani na kuchomeka tawi bichi penye kaburi. Sulemani anawatuma watu kumtafuta. Hao wanakubaliana kwamba ikiwa neno la zamani limepotea, basi neno la kwanza litakalotamkwa wakati wa kumwinua marehemu kutoka kaburini ndilo litakalotumika badala yake. Wanaliona tawi, wanafukua, wanajaribu kumwinua, ngozi inavuka. Hatimaye wanamwinua mguu kwa mguu, goti kwa goti, kifua kwa kifua. Neno la kweli halipatikani. Tangu hapo Wafrimasoni wanatumia neno la badala.

Kisa hiki kilichapwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1730 na Samuel Prichard, mtu aliyejitangaza kuwa mwanachama wa zamani, katika kijitabu kidogo kilichouzwa London kama njugu. Kwake tawi lile ni la kasia. Baadaye likageuka kuwa mkakaya, na mkakaya likabaki mpaka leo.

Lakini kuna hati nyingine, ya mwaka 1726, miaka minne tu kabla ya Prichard. Humo yumo marehemu, limo kaburi, imo siri iliyopotea, na wamo watu wanaofukua wakiwa wamekubaliana kwamba wasipoikuta, kitu cha kwanza watakachokikuta kitakuwa siri kwao. Wanashika kidole, kinabanduka. Wanashika kiwiko, kinaachia. Wanamwinua mguu kwa mguu, goti kwa goti. Kisa ni kilekile. Ila marehemu si Hiramu. Ni Nabii Nuhu, na wafukuaji ni wanawe watatu, Shemu, Hamu na Yafethi, wanaotaka elimu aliyokuja nayo baba yao kutoka dunia ya kabla ya gharika.

Kila nikiitazama hati hiyo naona waandishi wakiwa kazini. Walikuwa na tukio moja la kushtua: watoto kaburini kwa baba yao, wakitafuta elimu katika mifupa. Walilijaribu kwa Nuhu, halikukaa sawasawa na chama cha waashi, maana Nuhu ni mjenzi wa chombo. Wakalihamishia Hekaluni, kwa fundi. London ya wakati ule ilikuwa na uchu wa Hekalu la Sulemani. Newton mwenyewe alivichunguza vipimo vya Hekalu hilo kwa miaka, na sura juu ya Hekalu ikatoka ndani ya kitabu chake kilichochapwa mwaka 1728, baada ya kifo chake. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba hata katika masimulizi yetu jengo la Nabii Suleiman lina kifo ndani yake. Qur'ani, katika Surat Saba, inaeleza alivyokufa akiegemea fimbo huku majini yakiendelea kutumika bila kujua, mpaka mdudu alipoila fimbo naye akaanguka.

Wanachama wapya hawakusimuliwa tu kisa cha Hiramu. Walikiigiza. Mwingizwaji ndiye Hiramu, ndiye anayelazwa chini na kuinuliwa. Fumbo lake halifichwi: mtu atakufa, uaminifu ndio atakaouacha, na kweli kamili haipatikani hapa duniani ila kwa neno la badala. Wengine wameona humo mabaki ya ibada za Misri au siri za mashujaa wa vita vya msalaba. Hati hazionyeshi hivyo. Zinaonyesha mafundi wa maneno wa karne ya 18 waliokijua kifo kwa karibu, kama kila mtu wa zama zao.

Ndoo na dekio navyo vilistaafu. Mchoro wa chaki ulihamia kwenye kitambaa cha kukunja, kisha kwenye ubao uliopakwa rangi, na mbao alizozibuni John Harris mwaka 1845 bado zinaigwa katika loji nyingi. Nahisi kuna kitu kilichopotea hapo. Alama iliyofutwa kila usiku ilijulikana kuwa kazi ya mkono. Alama iliyotiwa fremu ilianza kuonekana ya milele.

Alama ya pimamaji, ile ya usawa, ilipimwa Marekani ikaonekana imepinda. Prince Hall, mtu mweusi huru wa Boston, aliingizwa pamoja na wenzake 14 katika loji ya wanajeshi wa jeshi la Uingereza, kwa desturi husemwa mwaka 1775. Loji za wazungu wa kwao hazikumtaka. Akaandika London, akapata hati ya mwaka 1784 iliyomfikia Boston 1787, akaanzisha Loji ya Kiafrika. Mwaka 1797, akihutubia ndugu zake huko Menotomy, alilaani hadharani namna watu weusi walivyokuwa wakipigwa na kudhalilishwa mitaani Boston. Yeye alizichukua alama zile kama zilivyosema. Uongozi wa Wafrimasoni wa Uingereza ulizitambua rasmi loji za urithi wake za Massachusetts mwaka 1994, miaka 210 baada ya hati ile.

Jicho lililo kwenye noti ya dola moja, ambalo vijana wetu hutumiana kwenye simu kama ushahidi, ni jambo fupi. Jicho la Mungu ndani ya pembetatu lilikuwa picha ya makanisa ya Ulaya kabla ya Wafrimasoni kulishika. Katika kamati ya kwanza ya muhuri wa Marekani, mwaka 1776, Mfrimasoni alikuwa Benjamin Franklin peke yake, na pendekezo la jicho lilitoka kwa mchoraji Pierre Eugène du Simitière, ambaye hakuwa mwanachama. Muhuri ulipitishwa 1782. Kitabu cha Thomas Smith Webb kilicholieneza jicho katika loji za Marekani kilitoka 1797, miaka 15 baadaye. Na muhuri huo uliwekwa kwenye noti ya dola moja mwaka 1935.

Shetani je? Yeye pia ana tarehe.

Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738, na Vatikani ilirudia katazo hilo 1983. Baraza la Fiqhi la Makka nalo liliupinga Ufrimasoni mwaka 1978. Muumini ana haki ya kufuata hukumu ya dini yake, na sababu za 1738 zilikuwa sababu za kweli za zama zile: kiapo cha siri, na watu wa madhehebu mbalimbali kuchanganyika bila kanisa kuwasimamia. Humo hakuna mbuzi wala kafara. Hivyo viliingia baadaye, kwa mkono wa Mfaransa mmoja.

Gabriel Jogand-Pagès, mzaliwa wa Marseille, aliandika kwa jina la Léo Taxil. Kwanza aliishi kwa vitabu vya kulikashifu Kanisa. Alijiunga na loji, akafukuzwa mapema, 1881. Mwaka 1885 akatangaza kwamba ametubu na kurudi kwenye Ukatoliki, akaanza kuandika kitabu juu ya kitabu kufichua ibada za Shetani ndani ya loji. Alichukua picha ya kiumbe mwenye kichwa cha mbuzi, iliyochorwa na Éliphas Lévi katika miaka ya 1850 kwa shughuli zake mwenyewe za uganga, akaifanya mungu wa Wafrimasoni. Alimbunia Albert Pike, Mfrimasoni mashuhuri wa Marekani, maneno ya kumsifu Lusifa, maneno ambayo hadi leo yanasambazwa kama ya Pike. Alimbunia mwanamke, Diana Vaughan, aliyedaiwa kuwa kuhani wa Shetani aliyeokoka. Papa Leo XIII alimpokea Taxil Vatikani. Vitabu viliuzwa Ulaya nzima.

Watu wakaanza kuuliza: huyo Diana yuko wapi? Taxil akaahidi kumleta. Tarehe 19 Aprili 1897, ukumbi wa Chama cha Jiografia mjini Paris ulijaa mapadri na waandishi wa habari. Diana hakutokea. Taxil akapanda jukwaani, akakiri kwamba kwa miaka 12 amekuwa akitunga, kwamba Shetani wa loji ni wa kwake yeye, akawashukuru maaskofu kwa kumsaidia kuuza. Ukumbi ulilipuka kwa hasira, naye akaondoka chini ya ulinzi wa polisi.

Kukiri kwake hakukusafiri mbali kama uongo wake. Ule uongo umefika Dar es Salaam, Mombasa, Kigoma, Bujumbura. Umeingia kwenye filamu zetu, mahubiri yetu, vijiwe vya bodaboda. Wafrimasoni halisi wa hapa hawajajificha sana. Jengo lao la Nairobi liko Nyerere Road, na jina limeandikwa. Sir Andy Chande, aliyeongoza chama hicho Afrika Mashariki kwa miaka mingi, aliueleza uanachama wake katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2005, na aliulizwa na waandishi akawajibu mpaka alipofariki mwaka 2017. Kwao mtu huomba mwenyewe, hukiri kwamba anamwamini Mungu, huapa juu ya kitabu cha dini yake, na hulipa ada. Analipa, halipwi.

Mwingine ndiye anayebandika karatasi kwenye nguzo za umeme na kutuma ujumbe usiku, akiahidi nyumba, gari na mamilioni kwa yeyote atakayejiunga, ada ya usajili itumwe kwanza kwa namba ifuatayo. Huyo hana skwea wala bikari. Ana picha ya mbuzi ya Lévi, na simulizi la Taxil. Wamemtumia fedha wanafunzi, wajane, vijana waliokosa kazi, wengine wakiwa tayari kuamini kwamba watatakiwa kutoa damu ya mama zao, kwa sababu umaskini umewabana kiasi hicho. Taxil alikiri mbele ya ukumbi uliojaa. Huyu wa leo hajakiri. Ukipata ujumbe wake, usimtumie hata shilingi moja, na mwonyeshe jirani yako asiyejua.